Jengo ambalo wazazi wa Lukumbili hawakuliomba

Unga unaingia kwenye maji yanayochemka, mwiko unaanza kazi. Kishiwa Lugembe anakoroga kwa mikono miwili, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Kuni ni mbichi, na moshi unamfuata kila anakogeukia. Watoto wanapita mbele ya jiko wakielekea mstarini.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Vikombe mmeosha?"

"Tumeosha."

"Nionyesheni."

Wanavigeuza vikombe juu chini, wanacheka, wanakimbia. Hii ni Shule ya Msingi Lukumbili, katikati ya mashamba ya mpunga na ufuta, mwendo wa bodaboda kutoka Mikumi kwa njia ya vumbi. Kishiwa, mwenye umri wa miaka 43, ndiye mpishi wa uji.

Leo anafanya haraka. Uji ukishaiva na kugawiwa, atajifunga kitenge kingine, kisicho na masizi, akae kwenye benchi pamoja na wazazi wenzake. Kazi yao ni kuamua shule iombewe nini kwenye bajeti ya mwaka ujao. Mwaka jana, mwezi kama huu wa Novemba, hakujua hata kwamba kuna kitu kama hicho.

"Nilifikiri serikali inaamka tu asubuhi inasema, haya, Lukumbili wapeni darasa," anasema bila kuacha kukoroga. "Sikujua kuna mtu anaulizwa. Halafu siku moja nikaambiwa, mbele ya watu wote, kwamba aliyeulizwa ni mimi."

Kishiwa alizaliwa Maswa. Aliletwa wilayani Kilosa akiwa binti mdogo, wazazi wake walipohama na ng'ombe kutafuta malisho. Aliolewa huku na Shimba, ambaye anafuga na kulima, na wamejaliwa watoto watano. Wawili bado wanasoma Lukumbili.

Kazi ya uji inamlipa Sh80,000 kwa mwezi, fedha inayotokana na michango ya wazazi. Msimu wa njaa inaweza kukaa miezi miwili bila kuonekana. Jumamosi hupeleka maziwa ya mgando Mikumi, na hayo ndiyo yanayonunua sabuni na madaftari.

Ujumbe wa kamati ya shule ulimkuta palepale jikoni. Siku ya uchaguzi wazazi walikuwa wamekaa darasa la tano, yeye akichochea moto.

"Nilisikia makofi, nikadhani wamefunga kikao. Mara Mwalimu Damiano akaja akaniambia, 'Hongera mama, umekuwa mjumbe wa kamati.' Nikamuuliza mjumbe anafanya nini. Akasema, 'Utaitwa.'"

Hakuitwa. Muhula ukaisha, ukaja mwingine, mwaka ukageuka, na mwingine. Alipika uji, akagawa, akaosha masufuria, akarudi kwake. Kama kamati ilikaa, yeye hakuisikia.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Januari mwaka huu.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, uwanja wa shule umegeuka tope, na watoto wamevua viatu wakavishika mkononi. Kengele ya mapumziko ilipogongwa, darasa la kwanza na la pili walipanga mstari wa uji. Kishiwa aliinama kuchota kikombe cha tatu au cha nne ndipo aliposikia mlio.

"Haukuwa mlio mkubwa," anasema. "Ni kama mtu amedondosha gunia la mpunga kwenye tela. Puu. Halafu kimya."

Aliinua kichwa. Kutoka upande wa vyoo vya wasichana, watoto kama saba walikuwa wanakuja mbio. Hakuna aliyekuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mtoto akilia unajua yupo. Hawa walikuwa wanakimbia midomo wazi, hakuna sauti. Nikamdaka mmoja, nikamtikisa. 'Kuna nini?' Akasema, 'Choo kimezama.' Nikamwambia, 'Kimezama vipi?' Akasema, 'Salha yumo.'"

Kishiwa hakumbuki kama aliweka kikombe chini au alikitupa. Anakumbuka alipofika na kukuta choo hakipo. Sakafu yote, ile aliyokanyaga yeye mwenyewe alfajiri ya siku hiyo, ilikuwa imekwenda chini. Ukuta wa nyuma umeinama, bati linaning'inia kwa msumari mmoja, na mahali pa sakafu pana shimo jeusi linalomeza maji ya mvua kutoka kila upande.

Alilala kifudifudi akachungulia.

"Niliona kichwa na mkono. Basi. Kwingine kote ni tope na ule uchafu. Alikuwa ananiangalia, macho makubwa. Wala hakupiga kelele. Akaniambia, 'Mama, viatu vyangu vimeingia.'"

Hapo Kishiwa anaacha kukoroga. Anajipangusa uso kwa upande wa mkono, anasema ni moshi.

Salha alikuwa darasa la pili, na viatu vilikuwa vipya, vya kufungulia shule. Kishiwa alimnyooshea mkono, haukufika. Akasogea mbele, na udongo chini ya kifua chake ukaanza kumong'onyoka na kudondoka kule chini, juu ya kichwa cha mtoto. Mwalimu mkuu, Damiano, akamkamata miguu akamvuta nyuma kwa nguvu hadi akachubuka magoti.

"Nikamtukana mwalimu mkuu," anasema. "Mimi, mpishi. Nikamwambia niachie. Akasema, 'Ukiingia na wewe mtakuwa wawili.'"

Ng'ambo ya barabara Shimba, mume wake, alikuwa analima na maksai. Alisikia watu wakiita, akafungua kamba ndefu shingoni mwa maksai, akaja nayo mbio. Hakuuliza nani yumo. Alijifunga kiunoni na chini ya makwapa, akatupa ncha ya pili kwa yeyote atakayeishika.

Aliyeishika wa kwanza alikuwa Mzee Sefu Mkude.

Kijiji kizima kinajua habari ya watu hao wawili. Mzee Sefu ni mkulima wa hapohapo, babu yake ndiye aliyefyeka sehemu ya ardhi ilipojengwa shule. Mwaka wa nyuma yake ng'ombe wa Shimba waliingia kwenye mpunga wake ukiwa umeanza kubeba, na tangu siku hiyo walikuwa hawasalimiani. Shamba lake linapakana na shule, ndiyo maana alifika mapema. Alishika kamba, walimu wawili wakashika nyuma yake, na Shimba akashuka.

"Mzee hakujua ni nani yuko mle," Kishiwa anasema. "Hakuna aliyemwambia. Alijua ni mtoto tu. Alikuwa anavuta, anasema 'bismillahi, bismillahi.' Ndipo Shimba akatokeza na yule mtoto begani. Amejaa tope, humjui. Mwalimu akamwagia maji usoni. Mzee akaona ni Salha. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, anayelala naye nyumba moja."

Mzee Sefu alikaa chini palepale kwenye matope. Kamba ilikuwa bado mikononi mwake, na walipotaka kuichukua vidole vilikataa kufunguka. Ilibidi mtu avifungue kimoja kimoja.

Salha alipelekwa Mikumi kwa bodaboda, akiwa katikati ya mama yake na dereva, amefungwa kwa kitenge ili asidondoke. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika, na alikuwa amemeza maji machafu. Alilazwa hospitali zaidi ya wiki. Alipona.

Siku chache baada ya tukio, wageni walikuja shuleni kutoa pole. Miongoni mwao alikuwa afisa mipango kijana kutoka Kilosa mjini, Goodhope. Wazazi walijaa, wengi wao akina mama, wamekaa kwenye nyasi mbele ya madarasa. Kishiwa alikaa nyuma karibu na jiko lake, kama kawaida yake.

Goodhope aliongea vizuri, anasema. Alitoa pole, alimuulizia mtoto kwa jina. Kisha, kwa nia njema kabisa, akataka kuwapa watu moyo.

"Akasema, 'Msikate tamaa, shule yenu haijasahaulika. Kwenye makisio ya mwaka ujao tumewawekea jengo la utawala, kama mlivyoomba wenyewe.'"

Kishiwa anasema alisikia hadi kuku wakichakura nyuma ya stoo.

Aliyeuliza wa kwanza alikuwa mama yake Salha, ambaye alikuwa ametoka hospitali kubadilisha nguo tu na alipaswa kurudi.

"Tuliomba nini?"

"Jengo la utawala, mama. Ofisi ya mwalimu mkuu na chumba cha walimu."

"Nani aliomba?"

"Wazazi. Kupitia kamati ya shule."

Watu walitazamana. Mtu mmoja akacheka, kicheko cha kutoamini, akanyamaza alipoona hakuna anayemfuata. Ndipo Mzee Sefu alipogeuka taratibu, akatafuta nyuma, macho yake yakasimama jikoni.

"Kishiwa. Wewe si mjumbe wa kamati?"

"Vichwa vyote vikageuka," anasema. "Nikasimama. Nikasema, 'Ndiyo, baba.'"

"Mliomba ofisi, watoto wanajisaidia juu ya kaburi?"

"Sijawahi kuitwa, baba. Hata siku moja."

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Kishiwa anasema angefurahi kama angekuwa nayo. "Miaka miwili mtu hakuiti," mzee akasema, "na wewe hukuona ajabu?"

Kishiwa alikaa.

Mwalimu Damiano ndiye aliyesimama. Ni mtu mrefu, mkimya, ameongoza Lukumbili kwa miaka minne. Mwandishi wa makala haya alimkuta mwalimu huyo akisahihisha madaftari kwenye kona ya darasa huku kipindi kikiendelea, na alikubali kurudia alichowaambia wazazi siku ile.

"Nilipigiwa simu Ijumaa mchana. Vipaumbele vya shule vinatakiwa Jumatatu asubuhi. Ulikuwa msimu wa kuandaa mashamba, wazazi wako huko mbali, wengine wamehamia vibandani kulinda mbegu. Ningewapata wapi? Walimu wangu wanasahihisha wamekalia ndoo. Nikaandika ofisi. Hata leo nasema ofisi inahitajika. Ila sikumuuliza mtu, na hapo kwenye karatasi pakaonekana nimewauliza wote."

Baadhi ya wazazi walianza kupaza sauti. Baba mmoja alisema mwalimu huyo ahamishwe jioni hiyohiyo. Lakini Kishiwa anakumbuka zaidi uso wa Goodhope. Kijana alikuwa ameshika paji la uso, karatasi zimemwangukia miguuni.

"Alishtuka kuliko sisi," anasema. "Alikuwa anaamini kabisa tuliomba."

Goodhope aliwaambia kwamba utaratibu unataka wazazi wakae kwanza, kamati ichukue walichokubaliana, ndipo mwalimu apeleke. Makisio yalikuwa bado hayajafika mbele ya madiwani. Kama kijiji kingekaa kabla mwezi haujaisha na kuamua jambo moja, angelibeba mwenyewe. Ila alitaka wazazi wote waitwe, hata wa vitongoji vya mbali, si watu kumi wanaoishi jirani na shule.

Alipouliza nani atakwenda kuwaita, watu waliinamisha macho. Kishiwa alijikuta amesimama kwa mara ya pili.

"Sikuwa jasiri. Nilikuwa bado nasikia lile swali la mzee. Nikaona bora miguu ichoke."

Kuanzia kesho yake, akimaliza kuosha masufuria, alianza kuzunguka. Vitongoji vya karibu vilikuwa rahisi, wengi walikuwa wamesikia habari ya Salha. Kazi ilikuwa ng'ambo ya mto, kwa wafugaji wenzake, ambao watoto wao wanavuka maji kila siku kuja shule. Huko ndiko alikodhani atapokelewa kwa urahisi, maana ni watu wa lugha yake.

Nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya Jenipher, mama mwenye watoto wanne Lukumbili. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, akapewa kigoda na maziwa. Alipotaja mkutano, Jenipher aliweka kibuyu chini.

"Wanataka ng'ombe wangapi?"

"Hawataki ng'ombe. Wanataka uje useme."

"Kishiwa, usinichekeshe. Tangu nimehamia hapa, nikiitwa shule naitwa kutoa. Darasa likipasuka, toeni. Mwenge ukija, toeni. Hakuna siku mtu ameniambia, Jenipher, wewe unaonaje. Leo kimeanguka choo ndiyo nimekuwa na akili?"

Kishiwa alimwambia kwamba hata yeye alikuwa mjumbe na hakuulizwa. Jenipher alimtazama mdomo wazi. Hakuamini. Yeye na majirani zake, miaka yote, walidhani mwenzao aliyeko kamatini anajua kila kitu na anawaficha.

"Hilo liliniuma kuliko yote," Kishiwa anasema. "Kumbe watu wangu walikuwa wananiona mnafiki, na mimi sijui."

Upande wa wakulima nako kulikuwa na maneno. Waliokuwa na kumbukumbu ya mazao yaliyoliwa walisema wafugaji wasije, wakija watageuza mkutano kuwa wa malisho. Wachache walimwambia hivyo usoni. Aliwaaga kwa heshima, akaenda nyumba inayofuata.

Siku ya mkutano alipika uji kama kawaida, akijiambia wakija watu thelathini atashukuru. Walianza kuja kabla uji haujaiva. Wakaja kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa miguu, wengine miguu imelowa hadi magotini kwa kuvuka mto. Madawati yalitolewa nje, yakajaa. Wakakaa chini, nafasi ikaisha. Wanaume wa ng'ambo walisimama na fimbo zao nyuma kabisa, karibu na mlingoti wa bendera, hawajui kama wanaruhusiwa kusogea. Mwenyekiti wa kamati, Samson, ambaye naye alikiri hajawahi kuongoza kikao cha namna hiyo, aliwaambia wasogee.

Hoja ya kwanza iliwagawa watu. Baba mmoja alisema wazi kwamba serikali ikikupa ofisi, chukua ofisi. "Mkiikataa," alisema, "mwaka ujao mtaambiwa ninyi hamjui mnachotaka. Hamtapata ofisi wala choo." Wengi walitikisa vichwa kumkubalia. Haikuwa hofu ya kijinga, na Kishiwa mwenyewe aliiona ina uzito.

Ndipo Jenipher aliponyoosha mkono. Alikuwa amekuja, amekaa pembeni na binti yake wa darasa la sita, Coletha.

"Mimi nina swali dogo," alisema. "Huyu binti yangu akirudi shule anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Kila siku. Kichwa kinamuuma kila siku. Hapa shuleni hakuna maji?"

Mwalimu alisema maji yapo, ya kisima, na uji upo. Jenipher akamgeukia mtoto. "Basi kwa nini hunywi?"

Coletha aliangalia chini. Mama yake akamwambia aseme, hakuna wa kumpiga.

"Tukinywa tutataka kwenda chooni," alisema.

Samson akauliza, kwa sauti ya upole, kama ni yeye peke yake. Wasichana wakubwa waliokuwa wamekaa kwenye kibaraza cha darasa walitazamana, mmoja akajibu kwa niaba ya wote. Hakuna anayekunywa. Wanaanza kuacha wakiwa darasa la nne, wanapoanza kuona sakafu inavyotikisika. Wanajibana hadi wafike nyumbani. Anayeishi ng'ambo anajibana hadi avuke mto. Na zile siku za mwezi, aliongeza huku akijificha uso kwa daftari, hawaji kabisa.

Wanaume wazima waliangalia vidole vya miguu yao.

Kishiwa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Kwa muda mrefu wasichana wakubwa walikuwa wanamrudishia vikombe vimejaa, au wanamwaga uji nyuma ya darasa akigeuka. Alikuwa ameshawasema, ameshawaita wenye maringo. Kuna siku alirudi nyumbani akamwambia Shimba kwamba labda ameshindwa kupika, watafute mwingine.

"Kumbe walikuwa na njaa," anasema. "Walikuwa na njaa na kiu, na mimi nawanunia. Niliingia jikoni, nikakaa kwenye gogo la kuni. Sikutoka mpaka nilipoitwa kupiga kura."

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Choo cha wasichana kwanza, na cha wavulana kufuata. Mmoja wa walionyoosha mkono mapema kabisa alikuwa Mwalimu Damiano, aliyekuwa anaikataa ofisi yake mwenyewe.

Mzee Sefu hakuwa amesema chochote tangu mkutano uanze. Mwishoni aliomba neno. Watu walitega masikio, wakidhani atazungumzia ng'ombe. Alisema ana tanuri la matofali aliyokusudia kujengea nyumba ya mwanawe, na kwamba nyumba inaweza kungoja. Kisha akasema matofali hayajisafirishi yenyewe, akatazama nyuma, kule kwenye mlingoti. Shimba akajibu kwamba mikokoteni ipo.

Waliopeleka uamuzi huo Kilosa walikuwa Kishiwa, Mzee Sefu na Samson. Walipanda basi Mikumi na kushuka Kilosa wakiwa weupe kwa vumbi. Kishiwa hakuwa amewahi kuingia ofisi ya halmashauri. Anasema alipoitwa "mjumbe" na mhudumu wa mapokezi, aligeuka nyuma kuangalia anayeitwa.

Majibu yalikuja baada ya vikao vya madiwani, na hayakuwa yote waliyotaka. Fedha za jengo la utawala hazingeweza kugeuzwa zote kuwa za vyoo. Sehemu ingenunua saruji, nondo, mabati na tangi la maji, na kuta zipandishwe kwa nguvu za wananchi. Kiasi kilichobaki kilikwenda shule nyingine. Walimu wa Lukumbili bado wanasahihisha wamekalia ndoo, na mmoja wao, aliyekuwa akiingoja ofisi hiyo kwa hamu, ameomba uhamisho.

"Hilo linaniumiza," Kishiwa anasema. "Ni mwalimu mzuri wa hesabu. Nilimfuata nikamwambia subiri. Akaniambia, 'Mama, sijakasirika. Nimechoka tu.'"

Ujenzi nao haukwenda kama harusi. Wenye mikokoteni walilalamika kwamba wao wanasomba mchanga kila siku wakati wengine wameleta tofali chache na kupotea. Wiki mbili kazi ilisimama, hadi kamati ilipokaa, safari hii na wajumbe wote, ikagawa zamu upya. Sasa kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango, na mabati yako stoo ya shule yamefunikwa turubai. Kwa sasa wasichana wanatumia choo cha nyumba ya mwalimu mmoja.

Na wale wawili? "Wanasalimiana," Kishiwa anasema. "Usije ukaandika ni marafiki. Juzi ndama wetu aliingia tena kwenye shamba la mzee. Alimfunga kamba, akatuma mtoto kuniita. Zamani angeita polisi."

Uji umeiva. Anaipua, anafunika sufuria, ananawa. Nje, wazazi wameanza kukaa kwenye madawati. Safari hii hakuna aliyepita kuwaita nyumba kwa nyumba. Tangazo lilisomwa msikitini, kanisani na kwenye mnada wa ng'ombe.

Leo atasimama kuomba mambo mawili. La kwanza ni chumba cha walimu, ingawa anajua watakaomcheka wapo. La pili ni shule shikizi ng'ambo ya mto, angalau madarasa mawili, ili watoto wadogo wasivuke maji hadi watakapokuwa na miguu ya kuvuka. Hajui kama halmashauri itakubali. Anachojua ni kwamba mwaka huu hakuna atakayeambiwa ameomba kitu asichokiomba.

Choo kinatarajiwa kufunguliwa shule zitakapofunguliwa Januari. Kuna waliopendekeza aalikwe mgeni rasmi akate utepe. Kishiwa alikataa kwenye kamati, na kamati ikamkubalia.

Salha sasa anamaliza darasa la pili, mkono umeunga ukapinda kidogo. Hajaingia choo chochote cha shule tangu siku ile. Mapumziko yakifika anakimbia hadi kwa babu yake, anarudi amechelewa kipindi, na walimu wameacha kumuuliza.

"Nilimwita jikoni wiki iliyopita," Kishiwa anasema. "Nikampa uji, nikamwambia, 'Kile choo kipya ni chako. Siku tukifungua utaingia wa kwanza, kabla ya mtu yeyote.' Akanywa uji wote. Akawaza. Akaniuliza, 'Sakafu yake umeikanyaga?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado haijamwagwa. Ikishamwagwa, ikakauka, nitaingia mimi na Shimba na babu yake na Mwalimu Damiano, wote kwa mpigo, turuke juu yake, yeye akiwa nje anatuangalia." Anajifunga kitenge safi, anaelekea kwenye mkutano. "Akasema basi, tukitoka wote, ataingia."